Mfahamu Adolphus Busch, mzee wa bia aliyegoma kununuliwa

Haya wadau, leo tuachane kidogo na siasa. Ukikaa glosari yoyote hapa Bongo ukaagiza Safari au Kilimanjaro, unajua hela yako inaishia wapi? TBL ilibinafsishwa mwaka 1993 ikaenda kwa Wasauzi, na Oktoba 2016 hao Wasauzi nao (wakati huo walishakuwa SABMiller) wakamezwa na jitu linaloitwa AB InBev, kwa dili lililopita dola bilioni 100. Wengi tunayaona hayo maherufi A na B tunapita tu. A ni Anheuser, B ni Busch. Hawa ni watu, tena ni mtu na mkwewe. Leo namzungumzia huyo wa B, kwa sababu maisha yake yanaeleza vizuri hii biashara ya mkubwa kumla mdogo kuliko hotuba yoyote ya uwekezaji.

Adolphus Busch alizaliwa tarehe 10 Julai 1839 huko Kastel, karibu na mji wa Mainz, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, akiuza mvinyo na vifaa vya wapika bia. Sasa sikia hii: nyumba ile ilikuwa na watoto 22, na Adolphus alikuwa wa 21! Hapo fikiria mwenyewe hesabu ya urithi. Dogo alipelekwa kusoma Brussels, Ubelgiji (kumbuka huu mji, tutaurudia), halafu mwaka 1857, akiwa na miaka 18, akapanda meli kwenda Marekani. Akatua St. Louis, jimbo la Missouri, kandokando ya mto Mississippi.

Kwa nini St. Louis? Kwa sababu ilijaa Wajerumani, na Mjerumani bila bia hakai. Mwaka 1860 mji ule mmoja ulikuwa na viwanda vya bia kama 40 hivi. Vidogo vidogo, kila mtaa na mpishi wake, na wengi walihifadhi bia yao kwenye mapango ya chini ya ardhi kwa sababu kule kuna ubaridi wa bure. Yaani hawa vijana wa siku hizi wanaopika bia kwenye vibanda na kujiona wamegundua kitu, babu zao walishafanya.

Busch alianza kama karani huko mtoni. Baba yake alipofariki akapata mgao wake, akaingia ubia wa kuuza vifaa kwa wapika bia. Mmoja wa wateja wake alikuwa mzee Eberhard Anheuser. Huyu mzee hakuwa mtu wa bia kabisa, alikuwa anatengeneza sabuni na mishumaa. Kuna kiwanda kidogo kilichoitwa Bavarian Brewery kilianza mwaka 1852, kikayumba, kikawa kinadaiwa, na mzee Anheuser alikuwa mmoja wa wanaokidai. Mwaka 1860 akajikuta mwenye kiwanda. Kwa hiyo hata kampuni hii kubwa kuliko zote duniani kwa bia ilizaliwa kwa mwenye pesa kuchukua kiwanda cha mtu aliyeshindwa.

Machi 1861 Adolphus akamuoa Lilly, binti wa mzee Anheuser. Siku hiyohiyo kaka yake Ulrich akamuoa Anna, dada yake Lilly. Ndugu wawili, dada wawili, harusi moja, gharama moja. Wajerumani bwana! Akaenda jeshini miezi michache upande wa Kaskazini, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, kisha katikati ya miaka ya 1860 akaingia rasmi kwenye kiwanda cha baba mkwe. Kiwanda kilikuwa kinapika mapipa kama 8,000 kwa mwaka. Mwaka 1869 akanunua hisa za mbia wa mkwewe, na toka hapo yeye ndiye aliyeshika usukani.

Hapa ndipo jamaa alipowaacha wenzake. Bia ya zamani ilikuwa kama maziwa, haisafiri. Ukiipeleka mbali inachacha. Ndiyo maana kila mji ulikuwa na viwanda vyake, hakuna mkubwa aliyeweza kuwafikia wadogo. Miaka ya 1870 Busch akachukua elimu ya Mfaransa Louis Pasteur, akawa wa kwanza Marekani kupasha moto chupa za bia ili kuua vijidudu. Bia ikaweza kukaa. Kisha akaweka mabehewa ya reli yenye barafu. Ghafla bia ya St. Louis ikawa inanywewa Texas kwenye joto kali. Watu wanafikiri wakubwa hushinda kwa sababu bia yao ni tamu zaidi. Wapi! Hushinda kwa usafiri. Anayeweza kufikisha kreti kwenye kila kona ndiye mwenye soko, na mpaka leo iko hivyo, hata hapa kwetu.

Mwaka 1876 ikatoka Budweiser. Jina lilitokana na mji wa Budweis huko Bohemia (sasa ni České Budějovice, Jamhuri ya Czech), na ugomvi wa jina hilo na Wacheki umedumu miaka zaidi ya mia. Mwanzo chapa ilikuwa ya rafiki yake Carl Conrad, mwagizaji wa mvinyo, ambaye Busch alimpikia tu. Conrad akafilisika mwaka 1883, chapa ikabaki kwa Busch. Mnaona mtindo? Mtu akianguka, Busch yupo karibu ameshika ndoo. Huyu Conrad ndiye ninayemhurumia.

Kampuni ikaitwa Anheuser-Busch mwaka 1879, mwaka uliofuata mzee Anheuser akafa na mkwe akawa rais wa kampuni. Alipenda kuuza sura kupita kiasi. Aligawa visu vidogo vya mfukoni vyenye kitundu, ukichungulia unaona picha yake ndani. Mwaka 1896 akamwaga kwenye mabaa nchi nzima picha kubwa ya jenerali Custer akiuawa na Wahindi Wekundu, ina jina la kampuni chini. Mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kiwanda cha Lone Star kule San Antonio, Texas. Mwaka 1901 kampuni yake ikavuka mapipa milioni moja kwa mwaka. Na inasimuliwa kuwa yeye mwenyewe alipenda zaidi mvinyo!

Sasa tuje kwenye lile la kichwa cha habari. Mwaka 1889 matajiri wa Kiingereza walikuja Marekani na mabegi ya pesa kununua viwanda vya bia. Pale St. Louis viwanda 18 vilijikusanya vikawa kampuni moja, vikauzwa kwa Waingereza. 18 kwa mpigo! Waliogoma ni wakubwa wawili: Busch na jirani yake Lemp. Mimi simpambi hapa. Aligoma kwa sababu alikuwa ananunua, hakuwa wa kununuliwa. Lakini aligoma.

Alikufa tarehe 10 Oktoba 1913 kwenye jumba lake Ujerumani, lililopewa jina la mkewe, Villa Lilly. Mwili ukavushwa bahari kwenda kuzikwa St. Louis. Miaka saba baadaye Marekani ikapiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933. Anheuser-Busch wakaponea kwenye hamira na vinywaji visivyo na kilevi, wadogo wengi wakafa moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ile ilibaki na viwanda chini ya 100.

Halafu wadogo wakaanza kurudi. Mwaka 1978 kupika bia nyumbani kukaruhusiwa, vijana wakaanza kuchanganya shayiri jikoni, mwaka 1988 Chicago ikapata Goose Island. Wakati wadogo wanachipua, mwaka 2008 ikaja InBev yenye makao Leuven, mwendo mfupi tu kutoka Brussels alikosoma Adolphus, ikaweka mezani dola bilioni 52. Bosi wa Anheuser-Busch alikuwa August Busch IV, kilembwe wa Adolphus. Familia ilishabakiwa na asilimia chache tu za hisa, wenye hisa wengine wakataka noti zao, Julai ikaisha.

Baada ya hapo jina la mzee likaanza kutumika kuwanunulia wadogo. Goose Island mwaka 2011 kwa dola milioni 38.8. Mwaka 2014 Blue Point ya New York na 10 Barrel ya Oregon, mwaka 2015 Elysian ya Seattle. Hao Elysian ndio walichezewa vibaya: siku chache baada ya dili kutangazwa, Budweiser ikarusha tangazo kwenye fainali ya mpira wao wa Kimarekani likiwacheka wanaokunywa bia ya maboga na pichi. Elysian walishawahi kupika bia ya namna hiyohiyo!

Na msidhani ni ya huko tu. Mwaka 2002 hapa jirani Wasauzi na EABL walipeana mikono, kiwanda cha Castle kule Thika kikafungwa, na Kibo pale Moshi nacho kikafungwa. Mashabiki wa Kibo hawakuulizwa.

Tukirudi Marekani, mwaka 2023 AB InBev ikauza chapa nane kwa mkupuo, zikiwemo 10 Barrel na Blue Point, kwa Tilray, kampuni iliyojulikana zaidi kwa bangi. Waliouza mwaka 2014 hawakuwa na cha kusema. Kiwanda cha matofali mekundu cha mzee Adolphus bado kipo St. Louis, farasi wake wa maonyesho wanatembezwa, na watalii wanapiga picha.