IMAMU AL-MUZANI NA KITABU ALICHOKISOMA MIAKA HAMSINI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Katika pwani yetu hii mtu akimaliza kusoma kitabu kwa sheikh wake husemwa kuwa amekikhitimu. Siku hiyo huwa siku ya furaha. Huombwa dua, watu hula na kunywa, kisha kitabu hurudishwa mahali pake. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini wengi wetu tangu siku hiyo hatukifungui tena kitabu kile, ila kukipangusa vumbi. Ukimwuliza mmoja wetu juu ya Safina au juu ya Minhaji, atakujibu kuwa alikwisha kuisoma zamani, kama mtu anayetaja safari aliyokwenda ujanani mwake. Kwa hivyo tumeona bora tuwaeleze ndugu zetu wa Manda, Lamu, Shela na Pate, na wa pwani yote, khabari za mwanachuoni mmoja mkubwa wa madhehebu yetu, ambaye kwake yeye kukhitimu kitabu kulikuwa ndiko kukianza.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Jina lake ni Ismail bin Yahya, na kuniya yake ni Abu Ibrahim. Anajulikana zaidi kwa jina la kabila lake, Al-Muzani. Alizaliwa Misri mwaka wa 175 wa Hijra (791), na huko huko Misri akaishi mpaka akafa. Mji wake ulikuwa Fustat, mji uliojengwa na Amr bin Al-As (R.A.) alipoifungua Misri, na ambao leo umo ndani ya Cairo.

Msomaji asidhani kuwa zama hizo ziko mbali sana na sisi. Wataalamu waliochimba magofu ya mji wa kale wa Manda katika miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyombo vya Ghuba ya Uajemi na vya China vya karne ya 9, na kuta nene zilizojengwa pwani kwa mawe makubwa ya matumbawe. Basi katika karne ile ile Al-Muzani alipokuwa ameketi na kitabu chake katika Fustat, majahazi yalikuwa yakitia nanga Manda. Na madhehebu aliyoitumikia ndiyo iliyofika huku ikakaa. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 aliwakuta watu wake ni Mashafii.

KUKUTANA KWAKE NA IMAMU SHAFI

Katika ujana wake Al-Muzani alipenda sana ilimu ya kujadiliana katika mambo ya itikadi. Imamu Shafi (R.A.) alipohamia Misri, kiasi cha mwaka wa 199 (814), Al-Muzani alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne hivi. Imepokewa kuwa alimwendea Imamu na suala gumu katika mambo hayo. Imamu hakumkemea. Alimwuliza yeye suala jepesi katika mambo ya udhu, jambo ambalo Mwislamu hulifanya mara tano kila siku. Al-Muzani akajibu, akakosa. Akajibu tena, akakosa. Hapo akatambua kuwa amekwenda kutafuta yaliyo mbali kabla ya kuyajua yaliyo karibu yake, akaiacha njia ile na akashikamana na fikihi.

Walikaa pamoja miaka mitano tu. Imamu Shafi alifariki mwishoni mwa Rajabu mwaka wa 204 (820), na Al-Muzani ndiye aliyesimamia kumwosha. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Baada ya hapo aliishi miaka sitini mingine bila ya mwalimu wake. Katika miaka hiyo sitini alikuwa naye kwa njia moja tu, nayo ni vitabu vyake.

KITABU CHA RISALA

Kitabu alichokipenda kuliko vyote ni Risala ya Imamu Shafi. Hiki ni kitabu cha kwanza kutufikia katika misingi ya fikihi: vipi hukumu hutolewa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu na katika Sunna ya Mtume wake (S.A.W.), na vipi hutumika Ijmai na Kiyasi. Imamu Shafi mwenyewe alikiandika mara mbili. Alikiandika kwanza kabla ya kufika Misri, kisha akakiandika upya huko Misri. Basi mwenye kitabu ndiye aliyekuwa wa mwanzo kukirejea.

Imepokewa kuwa Al-Muzani alimsomea Imamu Risala hiyo mara themanini, na kila mara walikuta mahali panapotaka kutengenezwa. Mwisho Imamu akakata shauri kuwa yatosha. Kwani Mwenyezi Mungu hakutaka kiwepo kitabu kilichosalimika na kosa ila Kitabu chake. Na tuhesabu, ndugu zetu. Walikuwa pamoja miaka mitano, nayo ni miezi sitini. Mara themanini katika miezi sitini ni zaidi ya mara moja kila mwezi. Mmoja ni imamu anayekitazama tena alichokiandika mwenyewe, na wa pili ni mwanafunzi asiyeona haya kumwonyesha mwalimu wake penye upungufu.

Kisha baada ya kufa Imamu, Al-Muzani hakukiweka kitabu kile. Imepokewa kutoka kwake kuwa alikitazama kwa muda wa miaka hamsini, na hakumbuki kuwa alikitazama hata mara moja asipate faida ambayo alikuwa hanayo. Hapa pana jambo la kuzingatia. Kitabu hakikuzidi hata herufi. Kilichozidi ni msomaji. Mtu wa miaka thelathini hasomi kwa jicho la mtu wa miaka sitini, ambaye amekwisha kuwazika wenziwe, amefutu watu katika ndoa zao na mirathi yao, na ameona namna wanavyogombana na namna wanavyosulihiana. Maneno ni yale yale, lakini sasa anayajua yanawahusu nani.

Na hii ndiyo ladha ya kurejea kitabu, ladha ambayo asiyerejea haijui. Nahodha aliyepita Mkanda, baina ya Manda na bara, mara mia moja, haachi kutazama maji katika mara ya mia na moja. Njia ni ile ile, lakini maji ya leo si ya jana. Na kwa kuwa anaijua njia, ndiyo maana anafurahi kuipita. Mgeni huipita kwa khofu tu, hana nafasi ya kufurahi.

MUKHTASARI WAKE

Matunda ya kusoma huku yalikuwa ni kitabu chake kiitwacho Mukhtasari, ambamo alifupisha ilimu ya Imamu Shafi. Imepokewa kuwa kila alipomaliza mas-ala moja na kuiandika, alisimama akasali rakaa mbili za kumshukuru Mwenyezi Mungu. Kitabu hiki kilienea mno hata ikasimuliwa kuwa bibi harusi alikuwa akipelekwa kwa mumewe na nakala yake katika vyombo vyake.

Wanavyuoni waliokuja nyuma walikirejea kama alivyoirejea yeye Risala. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka wa 450 (1058), alikisherehesha katika Al-Hawi. Imamul-Haramain Al-Juwaini, aliyekufa mwaka wa 478 (1085), alikisherehesha katika Nihaya. Mwanafunzi wake Al-Ghazali akavitoa kutoka huko vitabu vyake vya fikihi. Kisha akaja Ar-Rafii na Muharrar yake, na An-Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 (1277), akaifupisha Muharrar hiyo katika Minhaji. Basi kijana wa Lamu aliyekaa jamvini akasoma Minhaji, amekunywa katika mfereji ambao maji yake yalipitia kwa Al-Muzani.

HAKUWA MFUASI WA KUFUMBA MACHO

Huenda mtu akadhani kuwa anayesoma kitabu kimoja miaka hamsini ni mtu aliyefungwa na kitabu hicho. Mambo yalikuwa kinyume cha hivyo. Mwanzo kabisa wa Mukhtasari wake Al-Muzani amewajulisha watu kuwa Imamu Shafi alikataza asifuatwe yeye wala mwengine kwa kufumba macho, ili kila mtu aitazamie dini yake na aihadhari nafsi yake. Tena ndani ya kitabu hicho hicho ametaja mahali alipoona kauli nyengine ina nguvu zaidi kuliko ya Imamu wake, akaieleza na akaitolea hoja.

Hakusoma vitabu vya watu wa madhehebu yake peke yao. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa ni Abu Jaafar At-Tahawi, aliyezaliwa mwaka wa 239 (853). Kijana huyu alisoma kwa mjomba wake, kisha akaiacha madhehebu ya Shafi akaingia katika ya Abu Hanifa, akawa mmoja wa maimamu wakubwa wa Mahanafi. Katika sababu zilizopokewa za kugeuka kwake ni kuwa alikuwa akimwona mjomba wake mara kwa mara akivitazama vitabu vya Abu Hanifa, naye akavitazama. Imepokewa vilevile kuwa siku moja Al-Muzani alimghadhibikia darasani, akaapa kuwa hatafika popote. At-Tahawi alipokwisha kuwa mwanachuoni aliyetajika alimwombea rehema mjomba wake, akataja kuwa lau angelikuwa hai angelazimika kutoa kafara ya yamini yake. Pamoja na hayo At-Tahawi hakuacha kuzipokeza Hadithi za Imamu Shafi alizozisikia kwa mjomba wake, na kwa njia yake zimetufikia. Walikhitalifiana katika madhehebu, lakini ilimu haikukatika baina yao.

IBADA YAKE NA KUFA KWAKE

Alikuwa mtu wa ibada na zuhudi. Ikimpita Sala ya jamaa, huisali Sala ile peke yake mara ishirini na tano, akitaka kuipata fadhila iliyompita. Alikuwa akiwaosha maiti bila ya ujira, ili moyo wake uwe laini. Tazameni basi: mtu huyu hakuwa na wakati mwingi kuliko sisi. Alikuwa na watu wa kuwafutu, wanafunzi wa kuwasomesha, maiti wa kuwaosha na usiku wa kusali. Aliupata wakati wa kitabu kwa sababu aliutenga.

Alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka wa 264 (878), umri wake ukikaribia miaka tisini, akasaliwa na mwenziwe wa tangu ujana, Ar-Rabii bin Suleiman Al-Muradi. Akazikwa katika makaburi ya Karafa, karibu na mwalimu wake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

TUNAYOYAPATA KATIKA MAISHA YAKE

Ndugu zetu, vitabu tunavyo. Tena viko majumbani mwetu ambamo kitabu husomwa mara nyingi sana, lakini husomwa kwa baraka tu. Sauti hupanda na kushuka, ubani hufukizwa, na msomaji hajui alichokisoma wala msikilizaji alichokisikia. Huko siko kurejea alikokufanya Al-Muzani. Na wako wengine waliokhitimu wakaridhika, wakaona ni aibu kwa mtu mzima kufungua tena kitabu cha watoto. Hawa na wale wamefika mahali pamoja: kitabu kimefungwa. Na kikifungwa kitabu, watu hufuata kila mwenye kilemba na kila mwenye sauti kubwa, kwa kuwa hawana mahali pa kurejea. Hayo ndiyo yanayotuogopesha.

Watu wa Takwa walijenga msikiti wa Ijumaa wa mawe na chokaa huku Manda, na liko kaburi lao la mnara lenye tarehe ya mwaka wa 1094 wa Hijra. Mji umehamwa tangu zamani, na kuta zimebakia magofu. Wenye nyumba za mawe wanalijua jambo hili: ukuta usiopakwa chokaa tena na tena huingia mvua. Na ilimu ni hivyo hivyo. Haibomoki siku moja; huliwa kidogo kidogo na mwenyewe hana khabari, mpaka siku mtoto wake anapomwuliza mas-ala akajiona hana jawabu.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha karatasi ya Sahifa kule Mombasa mwaka wa 1930, makala zake zilikusanywa zikawa kitabu kiitwacho Uwongozi, ili karatasi za siku moja ziweze kusomwa miaka mingi. Nani katika sisi anacho, na lini mara ya mwisho amekifungua?

Basi shauri letu ni jepesi. Kila mmoja achague kitabu kimoja alichokipenda alipokuwa akisoma. Kiwe Riyadhu Ssalihin, au Safina, au tafsiri ya Kur'ani anayoifahamu. Akitengee robo saa baada ya Sala ya Alfajiri, kabla hajaishika simu na kabla hajatoka kwenda kutafuta riziki. Au baina ya Magharibi na Isha, wakati ambao wengi wetu huupoteza barazani. Asome kidogo kwa kufahamu, na penye kumtatiza atie alama na amwulize anayejua. Akifika mwisho, arudi mwanzo. Na wanawake na watoto wasomewe, wasiachwe nje ya mlango.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe ladha ya ilimu kama alivyowapa waliotangulia, na ajaalie kila kukhitimu kwetu kuwe ni kuanza. Amin.