Askofu Josiah Kibira: Mtumishi wa Neema

Askofu Josiah Mutabuzi Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 huko Kashenye, Bukoba. Baba yake, Isaya, alifariki Josiah akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa na mama yake katika nyumba ya Kikristo. Injili ya Kilutheri ilikuwa bado changa. Wahaya waliojifunza kusoma Neno la Mungu Uganda walikuwa wamekwisha kukusanyika kwa ibada kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Bukoba mwaka 1910. Uislamu nao ulikuwa umetangulia pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na Wakatoliki walikuwa na misheni yao Kashozi tangu mwaka 1892. Hivyo ukoo mmoja uliweza kuwa na Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu, wakizikana na kugawana migomba ya kibanja kimoja.

Katika mazingira hayo swali la wokovu lilikuwa la kila siku. Mhaya alijua tangu utotoni kwamba ukoo una miiko yake, na anayeivunja hujitenga na ndugu. Ilikuwa rahisi basi kuiona dini mpya kama ukoo mwingine wenye miiko mingine. Mwislamu alitambulikana kwa sala tano, kufunga Ramadhani na chakula alichokiepuka. Mkristo kwa kuacha mitala, matambiko na hirizi. Aliyeanguka alitengwa na Meza ya Bwana. Nidhamu hiyo ilililinda kanisa changa, lakini pia iliwafanya wengi wadhani kwamba Mkristo huokolewa kwa kushika makatazo.

Josiah alisoma Bukoba, kisha Tabora. Wakati huo uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulikuwa umeingia Buhaya, ukiongozwa na walei waliotubu hadharani. Mwaka 1947 naye aliguswa na kuyatoa maisha yake kwa Kristo. Alikuwa amelelewa kanisani, lakini sasa alitambua kwamba cheti cha ubatizo na mwenendo mwema havimwokoi mtu, bali damu ya Yesu peke yake. Fundisho la Luther la kuhesabiwa haki kwa imani likawa kwake jambo la moyo.

Hata hivyo uamsho huo uliosisitiza neema ulikuwa na hatari yake. Baadhi ya waliookoka walianza kuwapima wenzao kwa mavazi, kwa maneno ya ushuhuda na kwa namna ya kutubu. Sheria iliyotolewa mlangoni ikarudi kupitia dirishani. Kibira hakuuacha uamsho wala hakuliacha kanisa. Alibaki kati ya pande hizo mbili, akitaka moto wa uamsho uwake ndani ya usharika na usiuteketeze.

Baada ya kufanya kazi ya ualimu Kahororo, alisomea theolojia Betheli, Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960. Baadaye aliendelea na masomo Boston, Marekani. Mwaka 1964 alimrithi Askofu Bengt Sundkler kutoka Sweden, akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi iliyokuja kuitwa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Sharika za Bukoba na Muleba, hospitali ya Ndolage na chuo cha Ruhija vilikuwa chini ya uangalizi wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 aliandika juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, akichunguza jinsi ushirika wa waamini unavyoweza kuwa ukoo mpya usiomfungia mtu mlango.

Kanisa aliloliongoza liliishi na majirani Waislamu, na haki ilidai wasisingiziwe. Uislamu haufundishi kwamba mtu huinunua pepo kwa matendo. Mwislamu huitumainia rehema ya Mwenyezi Mungu, na sheria kwake ni uongofu aliopewa kwa wema. Tofauti iko mahali pengine. Kwa Mwislamu, mwanadamu huzaliwa safi, naye anahitaji kuongozwa, kutubu na kutii. Kwa Mkristo, sheria ya Mungu ni njema lakini humwonyesha mtu ugonjwa wake bila kumponya, anahitaji Mkombozi. Kwa hiyo tofauti ni msalaba. Ndugu wa ukoo mmoja waliweza kuijua tofauti hiyo bila kuacha kuzikana.

Je, anayeokolewa kwa imani yuko huru asitende neno? Jibu lilionekana Juni 1977. Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ukiri wa imani yenyewe. Sheria za nchi zilizowatenga watu kwa rangi zao zilikuwa zimeingia mpaka kwenye Meza ya Bwana. Imani isiyohitaji matendo ili iokoe haikuweza kunyamaza mbele ya hayo. Mwaka 1984, mwishoni mwa muhula wake, mkutano wa Budapest ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu kusini mwa Afrika.

Nyumbani nako hapakukosa majaribu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini ya Mto Kagera, na wakimbizi wa dini zote wakavuka kuja upande wa kusini. Hapakuwa na nafasi ya kumwuliza mwenye njaa anasali wapi.

Askofu Kibira alistaafu baada ya miaka ishirini ya uaskofu, akiwa amedhoofishwa na maradhi, akafariki Julai 1988. Aliacha sharika zilizoongezeka na wachungaji wazalendo. Aliacha pia deni kwa kila mzee wa kanisa anayeketi leo kumjadili ndugu aliyeanguka: kumrudi kwa kweli, na kumwachia mlango wazi.