Kozlovsky, fundi wa Samsoni na simba

Wandugu wachimbaji, shaba ikiyeyushwa pamoja na bati inatoa bronzi, na bronzi njo inafanya sanamu kubwa za viwanja. Leo tuseme maisha ya Mikhail Kozlovsky, Mrusi aliyemuumba Samsoni wa bustani ya Peterhof.

Alizaliwa mwaka 1753 huko Saint-Pétersbourg. Baba yake alipiga tarumbeta kwenye merikebu za jeshi. Mtoto alipofika miaka 11 tu akaingizwa katika Chuo cha Sanaa. Alipomaliza wakamtuma Roma, baadaye akaishi Paris pia. Mwaka 1794 akawa profesa, akafundisha vijana wengine kazi.

Mwaka 1801 ilisimamishwa sanamu yake ya jenerali Suvorov. Aliyeyeyusha ile bronzi ni fundi Vasily Yekimov, na jina lake halikupotea.

Kisha ikafika kazi ya Peterhof. Pale palikuwa na Samsoni wa zamani, wa mwaka 1735, lakini alikuwa wa risasi, chuma laini, akachakaa. Mwaka 1802 Kozlovsky akaweka wake wa bronzi, amepakwa dhahabu. Hana kisu wala mkuki. Kama tunavyosoma katika Waamuzi sura ya 14, anampasua simba kwa mikono mitupu. Kinywani mwa simba maji yanaruka mita 20 hivi, na hakuna pompi hata moja: yanashuka yenyewe toka vilimani kwa mfereji.

Juu ya nini simba? Simba ni alama ya Sweden, ambayo Warusi waliishinda Poltava mwaka 1709, siku ya mtakatifu Sampson.

Mwaka uleule wa 1802 Kozlovsky akafa, na miaka 48 tu. Katika vita, mwaka 1941, jeshi la Wajerumani likaingia Peterhof, na Samsoni wake akapotea hata leo. Mwaka 1947 Vasily Simonov akatengeneza mwingine, njo yule anayesimama sasa.

Tunamjua aliyeumba, tunamjua aliyeyeyusha, tunamjua aliyerudisha. Aliyeingia chini ya udongo kutoa shaba, hakuna anayemtaja. Basi kila ekipi, toka Kolwezi mpaka Kipushi, iwe na kitabu chake cha majina: nani alishuka, siku gani, alitoa nini. Watoto wetu watakiuliza.