Mfahamu Mzee Dunlop, daktari wa mifugo aliyetutilia upepo kwenye matairi



Juzi nilikuwa natoka Bugarama kuelekea Kakola na baiskeli, nyuma kwenye keria kuna kiroba cha mchele. Njiani nikasikia pssss! Mwiba wa mgunga. Pampu nimeiacha nyumbani, nikajifanya mjanja nikaendelea kukanyaga hivyo hivyo. Jamani! Kila kokoto lilinipanda mpaka kwenye meno, na baiskeli ikawa nzito kama vile navuta ng'ombe aliyegoma kwenda mnadani. Nikashuka, nikasukuma.

Wakati nasukuma nikakumbuka jina nililokuwa naliona kwenye matairi tangu utoto, pale chini ya mti kwa baba mdogo wangu aliyekuwa fundi baiskeli. Dunlop. Wengi tunadhani ni jina la kiwanda tu. Kumbe ni mtu, tena mtu wa mifugo kama sisi Wasukuma.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 1840 kijiji cha Dreghorn, Scotland, kwa wazazi wakulima. Akasomea udaktari wa mifugo Edinburgh na kuhitimu akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 1867 akahamia Ireland, na huko Belfast akajenga kazi kubwa ya kutibu farasi. Siyo injinia, siyo mtu wa mbio. Daktari wa wanyama, basi.

Alikuwa na mtoto wa kiume, Johnnie, mwenye kibaiskeli cha matairi matatu. Zama hizo tairi lilikuwa mpira mgumu usio na kitu ndani, na mitaa ya Belfast ilikuwa ya mawe. Mtoto akawa analalamika anarushwarushwa. Mwishoni mwa 1887 mzee akachukua karatasi za mpira, akaunda tyubu, akaizungushia kwenye duara la ubao, akaifunika kwa kitambaa na kuijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akalivingirisha lile duara uani kwake, na gurudumu la mpira mgumu pia. Gumu likaishia njiani. La upepo likavuka uwanja mzima, likagonga geti na kurudi!

Sababu ni hii. Tairi gumu likikutana na jiwe, baiskeli yote na wewe mwenyewe lazima mnyanyuke, na nguvu uliyokanyaga inapotelea hapo. Tairi la upepo linabonyea pale tu penye jiwe, wewe unapita. Kwa hiyo siyo raha tu, ni mwendo pia. Ndiyo somo nililopewa na ule mwiba.

Desemba 1888 akapata hataza, yaani ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani. Mei 1889 kijana aitwaye Willie Hume akapeleka matairi hayo kwenye mashindano Belfast, na akashinda mbio zote nne alizoshiriki. Hapo ndipo akatokea mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye wanawe walikuwa watu wa mbio za baiskeli. Kampuni ikaanzishwa mwaka huo huo, Dunlop akaikabidhi hataza na yeye akapewa hisa.

Sasa wadau kaeni vizuri. Mwaka 1890 ikajulikana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alishaandikisha tairi la upepo mwaka 1845! Yeye alilifunga kwenye magari ya farasi, baiskeli za kulihitaji zilikuwa bado, likasahaulika, na mwenyewe akafa mwaka 1873. Kwa hiyo karatasi ya Dunlop ikawa haina nguvu. Hakuna dalili kwamba aliiba, watu wawili walifikia wazo moja. Du Cros akaiokoa kampuni kwa kununua hataza za wengine, ikiwemo ya kulishika tairi kwenye rimu kwa waya. Huo waya upo hata kwenye tairi lako.

Mwaka 1895 Dunlop akajitoa. Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3. Mzee hakuwemo. Aliendelea na biashara ya duka la nguo Dublin, akafariki Oktoba 1921 akiwa na miaka 81. Jina likazunguka dunia, hela zikaenda kwingine.

Kuna na upande wenye machungu, tena jirani kabisa. Baiskeli zilipofumuka duniani, mpira ukatafutwa kwa udi na uvumba. Kongo ya wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Watu walilazimishwa kugema mpira porini, na vijiji vilivyoshindwa kiwango viliona mauaji na mikono kukatwa. Dunlop hakuagiza hayo, lakini tukimsifu bila kuwataja wale ndugu tutakuwa tumesema nusu.

Na zile baiskeli za milimani? Miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli nzee za Schwinn zenye matairi manene, aina iliyoingizwa sokoni mwaka 1933, wakashuka nazo mlimani. Mwaka 1976 wakaanza mbio zilizoitwa Repack, kwa sababu breki ziliunguza grisi na ilibidi ujaze upya kila ukishuka. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki. Msingi ni ule ule wa uani kwa Dunlop: upepo mwingi chini yako, jiwe lipite.

Mimi nimejifunza hivi. Huku kwetu machimboni mnajua, anayeuona mwamba wa kwanza siyo lazima awe ndiye mwenye leseni. Kijana mwenye ubunifu, shika nyundo mkono mmoja na karatasi mkono wa pili.

Haya wadau, sifa apewe nani: Thomson, Dunlop au du Cros? Tupieni maoni hapo chini, bila matusi.

Nawasilisha.