Faraday, Mtoto wa Mhunzi Aliyewafundisha Maofisa

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, kando ya London, mtoto wa mhunzi maskini. Shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, naye akavisoma vile alivyovishona. Mwaka 1813 mwanakemia Humphry Davy alimpatia kazi ya usaidizi katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution. Tena, tangu 1830 hadi 1851 alifundisha kemia katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Kwa hiyo askari wana haki ya kumhesabu miongoni mwa walimu wao.

Oktoba 1831 aliingiza sumaku ndani ya koili ya waya wa shaba, na sindano ya kipimo ikatikisika. Sumaku ilipotulia, sindano nayo ikatulia. Siri yote imo humo: sumaku iliyolala haizalishi kitu, sharti uwepo mwendo. Siku chache baadaye alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukapita mfululizo.

Kilichobaki ni kumpata wa kuzungusha. Taa iwakayo usiku Kabuga, mashariki mwa Kigali, hutegemea gridi yenye wazungushaji wengi. Huko Ntaruka, tangu 1959, kazi hiyo hufanywa na maji yashukayo kutoka ziwa Burera hadi Ruhondo. Karibu na Kibuye, katika mtambo uliozinduliwa 2016, gesi ya methani kutoka vilindi vya Kivu huendesha injini. Mafuta mazito huchomwa Jabana. Mkono umebadilika, kazi ni ile ile ya Faraday.

Jua peke yake limeikwepa njia hiyo. Tukishika barabara ya Kabuga kwenda Rwamagana, tunakaribia kituo cha mwaka 2014 chenye megawati 8.5, kisicho na sumaku wala gurudumu: mwanga wenyewe husukuma umeme ndani ya vibamba, jambo ambalo chanzo chake kiligunduliwa na Mfaransa Edmond Becquerel mwaka 1839. Lakini usiku vibamba hulala, na ndiyo saa ambayo askari wa zamu huihitaji taa. Maji ya Ntaruka hayana usiku.

Faraday alikataa urais wa Royal Society, akabaki na vyombo vyake. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, miaka 15 kabla ya kituo cha Holborn Viaduct kuanza kuwasha taa za London.