TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Bibi Titi na ruhusa ya mume



Ukifika Dar es Salaam utapita barabara ya Bibi Titi Mohamed. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu, kazaliwa 1926. Baba yake hakutaka asome shule. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka. Akaozeshwa akiwa na miaka kama 14, akapata binti mmoja, ndoa ikavunjika.

Alijulikana kwanza kwa sauti yake kwenye ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipotaka aongoze wanawake, mumewe wa wakati ule, Boi Selemani, aliombwa ruhusa, naye akaitoa. Bibi Titi akapita kwenye vikundi vya ngoma, na katika miezi michache maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Kisha zikaja safari za mikoani kudai uhuru. Ndoa ile nayo haikudumu. Baadaye alikuwa mbunge, akafungwa kwa kesi ya uhaini, akasamehewa 1972, akafariki 2000. Allah amrehemu.

Siri ya nyumba ile anaijua Allah. Lakini mimi nimejifunza jambo: ruhusa hutolewa siku moja, msaada unatakiwa kila siku.

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Mke wangu ni mwalimu. Miaka mingi nilijiona mume mwema kwa sababu nimemruhusu afanye kazi. Yeye kaamka kupika daku, kashinda darasani na swaumu, karudi jioni anahangaika na kuni na uji. Mimi nipo mkekani na tasbihi, nasubiri adhana! Hiyo ni haki kweli?

Mtume wetu (s.a.w.) alimuoa Bi Khadija akiwa mfanyabiashara. Na Bi Aisha ametusimulia kwamba Mtume akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake, mpaka wakati wa swala ukifika anatoka.

Basi ewe baba, mkeo awe nesi, mwalimu au muuza mbogamboga gulioni, leo saa kumi na moja jioni ingia jikoni. Menya viazi, chota maji, mbebe mtoto. Swaumu yako haitapungua. Na wewe mama, ukichoka sema, usife na tai shingoni.

Allah azitie baraka nyumba zetu na atukubalie funga zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.