Babu, soko na mizani ya mkulima

Kila msimu wa korosho ninapokwenda nyumbani Msimbati, baada ya Isha hukuta mjadala uleule barazani: mnyonge alipata nafuu wapi, enzi za Ujamaa au enzi hizi za soko huria? Hapo mimi, mwalimu wa dini, humkumbuka marehemu Abdulrahman Mohamed Babu.

Babu alizaliwa Zanzibar mwaka 1924. Ujanani alikuwa karani katika chama cha wakulima wa karafuu, kisha akaenda Uingereza mwaka 1951. Aliporudi 1957 akawa katibu mkuu wa ZNP, lakini mwaka 1963 alijitoa akaunda Umma Party. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alikuwa waziri, kwanza Zanzibar kisha serikali ya Muungano, hadi alipoachwa mwanzoni mwa 1972. Mzee Karume alipouawa Aprili mwaka huo, Babu akawekwa kizuizini. Mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo, lakini akaachiwa 1978.

Ungetarajia msoshalisti huyo atetee kila kilichotaifishwa. Wapi! Katika kitabu chake cha 1981 aliikosoa Ujamaa, akisema kutaifisha peke yake hakuongezi uzalishaji. Yalipokuja masharti ya IMF aliyapinga nayo. Alitaka nchi izalishe kwanza kwa mahitaji ya watu wake. Alifariki London Agosti 1996, akazikwa Zanzibar.

Sikubaliani naye kwa mengi, lakini Mtwara imeyaona yote mawili. Katika miaka ya 1970 bibi yangu alihamishiwa kijijini, mikorosho yake ikabaki porini. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mlanguzi alijipangia bei, na hata leo wa kangomba hupima kwa bakuli lake. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani: wakulima hukusanya korosho kupitia chama cha msingi, wanunuzi hushindana mnadani. Hilo ni soko, na ni ushirika vilevile. Malipo yakichelewa na makato yakizidi, turekebishe hayo.

Mtume (SAW) alikataa kupanga bei sokoni Madina, akakataza pia kuhodhi bidhaa, na Surat al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Soko laweza kumfaa masikini, ndugu msomaji, iwapo naye ana mkono kwenye mizani.

Wabillahi tawfiq.